Naacha Kipoe Kwanza

Chakula cha mtu sikili cha moto. Mtu akinikaribisha nakaa, nanawa, namshukuru, halafu naacha sahani ipoe. Wengine wanasema nina maringo. Wengine wanasema naogopa sumu. Sumu siiogopi. Ninachongoja ni ukingo wa sahani. Mafuta ya pamba yanabaki maji. Mafuta magumu ya dukani, kwa joto letu la Bariadi, mchana hayapati nafasi ya kuganda. Ya ng'ombe yanaganda hata jua likiwaka, yanaacha mstari mweupe pembeni. Basi napitisha kidole pale, nasugua, nanusa. Ni kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kimebaki hicho na gumba. Vile vitatu alivikata mume wangu.

Majina sitaandika. Hakimu anayo na kijiji kinayajua. Lakini nani alifanya nini nitasema, maana nimechoka kusikia watu sokoni wakiniita yule mama aliyepata ajali. Ajali gani? Mume wangu alikata. Kaka yake alinishika ili nikatwe vizuri. Na kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja, ndiye aliyenirudisha kwao nilipokimbia. Hao ni watatu, simpunguzi hata mmoja.

Nilisoma mpaka darasa la nne, nikatolewa kwenda kulima. Kwetu ni Ngulyati. Nikaolewa huko upande wa Zagayu, kwenye pamba. Ng'ombe za mahari zilipoingia kwetu nilizishangilia kama mjinga, nikawa nazishika nundu moja moja. Hazikukaa zizini. Kaka yangu alizitoa naye akaoa, na ndivyo inavyofanyika kwetu: ng'ombe za dada zinaleta mke wa kaka. Mimi sikuonja hata kwato. Lakini kwa mume wangu neno lilikuwa moja tu tangu mwaka wa kwanza: "Umekula ng'ombe zangu."

Mara ya kwanza ilikuwa samli. Alirudi mnadani, akakuta mlenda hauna samli.

"Ng'ombe zangu umekula, na samli yangu unamnyima nani?"

"Imeisha, baba."

"Imeishia tumboni mwako."

Akachukua fimbo ya kuchungia. Alinipiga nikiwa nimeinamia jiko, mpaka mfupa wa bega ukalia. Asubuhi yake mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, ikaja kama kawaida, majirani wakanisalimia, nami nikaenda kukamua kwa mkono mmoja. Ng'ombe naye akanipiga teke. Nikacheka. Nilifikiri, hata wewe umeambiwa nimekula ndugu zako.

Baadaye alinivunja jino kwa kibuyu cha maziwa. Baadaye tena alinibana mkono kwenye lango la zizi, akakaa juu ya lango akivuta sigara. Kila mara neno ni lile lile. Na kaka yake, jirani yetu, boma kwa boma, akisikia kelele alikuwa anaita kutoka upande wa pili: "Ngosha, umeshaanza? Niachie na mimi!" Ngosha kwetu ni mwanaume tu, si jina lake. Wanacheka wote wawili. Huo ndio ulikuwa utani wa nyumba ile.

Nikakimbia. Nilitembea mpaka Ngulyati na mdomo umevimba kama wa bata. Kaka yangu alinisimamisha nje, sikuvuka hata wigo.

"Umefuata nini?"

"Kaka, ataniua."

"Mwanaume akikupiga hajakuua. Ungekuwa umekufa ungekuja kwa miguu?" Akanyoosha kidole kwa mke wake, aliyekuwa anapepeta mtama uani. "Ng'ombe zako ndizo hizi. Wewe ukibaki hapa, zinadaiwa. Zikidaiwa, huyu anarudi kwao. Watoto wangu utanilelea wewe na mdomo huo?"

Wifi yangu hakuinua macho. Alizidi kupepeta.

Mama yetu akatoka ndani. "Mwache alale hata leo tu."

"Mayu, usiingilie."

Kwetu mayu ni mama, ni neno la heshima. Alilisema kama mtu anayefukuza mbuzi. Akawasha pikipiki, akanipakia, akanirudisha siku hiyo hiyo. Kufika kwa mume wangu hata hakushuka. Alipiga honi. "Shemeji, mzigo wako huu. Ufunge vizuri." Mume wangu akacheka, akampa maziwa, akayanywa juu ya pikipiki, akaondoka. Nilimtazama anavyoyanywa. Povu lilimbaki kwenye ndevu.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya kuuza pamba. Walichinja dume la ng'ombe, mume wangu na kaka yake, kando ya zizi, saa za mchana. Ini ni la wanaume wenye kaya, linachomwa palepale na kuliwa kabla nyama haijagawanywa. Nikaambiwa nilichome. Niligeuka kuchochea kuni, mbwa akapita na kipande. Nilimfukuza kwa kijinga, sikumpata.

"Ini limepungua," mume wangu akasema.

"Mbwa amechukua."

Kaka yake akasema, "Mbwa huyo ana miguu miwili. Nusa mdomo wake."

Mume wangu akaja kuninusa kweli, mbele ya watoto wa jirani. Akasema ananuka ini. Kila mtu pale alikuwa ananuka ini! Nikamwambia hivyo. Hilo ndilo neno langu la mwisho kulisema na mdomo mzima.

Kaka yake alinikamata kwa nyuma, akapitisha mikono kwapani mwangu, akaninyanyua visigino vikaacha ardhi. Akasema, nayakumbuka kama yalivyo: "Mkate mdomo unaokula ng'ombe zako." Panga lilikuwa lile la kutenganishia mbavu, lina damu mpaka kwenye mpini. Mkono wangu mmoja ukamponyoka, nikauweka mdomoni. Ndiyo maana nina mdomo na sina vidole. Panga la kwanza lilivichukua vitatu, vikaanguka kwenye matumbo ya ng'ombe yaliyomwagwa chini. La pili lilipasua shavu na taya, nikasikia meno yangu kama kokoto. La tatu likaingia begani. Nilianguka juu ya ngozi ya yule dume, damu yangu ikachanganyika na yake, sikuweza kujua ipi ni ipi. Mbwa yule yule akarudi. Akaanza kulamba.

Wanawake waliokuwa wanang'oa mabua ya pamba walipiga mwano, lile yowe ambalo kila mwanaume akilisikia lazima atoke na silaha. Sungusungu wakaja. Waliwakuta wote wawili bado wamesimama, mume wangu anafuta panga kwa majani. Waliwapiga. Nililala pale nikisikia marungu yanavyotua kwenye mifupa ya shemeji yangu, na yeye anaita mama yake, na sikumhurumia. Leo ukiniuliza, bado.

Hospitalini walinishona taya. Muuguzi aliyenihudumia alikuwa ametoka Mbeya, kahamishiwa huku, Kisukuma hajui hata salamu. Akaniletea supu ya kongoro, miguu ya ng'ombe, nivute kwa mrija. Ile harufu ilipopanda, nikaliona panga. Nilitapika kupitia nyuzi, mbili zikakatika, damu ikaruka kwenye gauni lake jeupe.

"Mama, mbona unanitesa? Supu ndiyo itakayokurudishia damu."

Nikaandika kwa kidole hewani: hapana. Kesho yake akaleta uji, nikavuta, nikausikia una maziwa, nao nikautema. Hapo akakaa kitandani, akanitazama vizuri. Nilipoweza kusema maneno mawili matatu nilimwambia: nyama sitaki, maziwa sitaki, samli sitaki, vyote vimetoka palepale.

Hakunicheka. Akanipikia uji wa ulezi na karanga. Akasema, "Wapo watu wanaishi hivyo, Dar wapo, Ulaya ndio wengi. Hawali nyama, samaki, yai, maziwa, hata asali. Wanaitwa vegani."

"Na wao wamekatwa na nani?" nikamuuliza.

Alicheka mpaka akatoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Kaka yangu alikuja kuniona nikiwa bado na bomba puani. Hakuleta hata chungwa. Akavuta kiti.

"Wazee wamekaa," akasema. "Wenzetu watatoa ng'ombe wa kufuta damu. Atachinjwa kwetu Ngulyati, wewe utakula, yameisha. Hakimu utamwambia tumeelewana nyumbani."

Asiyejua ataona ni jambo dogo. Kwa watu wetu, nyama ya upatanisho ukishaimeza, au mchuzi wake, au mafuta yake yakiwa kwenye chakula kingine, huna tena kesi na aliyekuumiza, hata kama damu yako ilijaa ndoo. Wazee wanashuhudia umemeza, wanakwenda kulisema hilo mbele ya watu, na shahidi anayeshupaa baada ya hapo hata ndugu zake wanamkimbia. Mimi ndiye niliyekuwa shahidi mkubwa. Watoto wa jirani walikuwa wameshafichwa kwa ndugu, wale wanawake wa pamba wameshaanza kusema hawakuona vizuri. Nikimeza, wale wawili wanatoka mahabusu walikopelekwa na sungusungu. Na mume wangu alishaniletea salamu kwa mdomo wa kaka huyu huyu.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Hasira tu zile."

"Amesema nini, kaka?"

"Amesema akitoka atamalizia." Akaangalia dirishani. "Lakini ukila ng'ombe wake wa damu, hawezi. Itakuwa mwiko kwake."

Mwiko! Mwanaume aliyenikata juu ya ngozi ya ng'ombe wake, eti atazuiwa na mwiko. Na sababu ya kaka yangu sikuhitaji kuambiwa. Wakwe zangu walikuwa wamemtisha: dada yako akitufunga, tunadai ng'ombe zetu. Alikuwa anamlinda mke wake, yaani anazilinda zile ng'ombe.

Siku hiyo nikafunga milango yote. Sikujua watapitia wapi, wala ni mnyama gani wataniambia baadaye alikuwa wa upatanisho. Ng'ombe sili, mbuzi sili, kuku sili. Dagaa sili, hata wa kusagwa kwenye mboga. Yai sili. Asali nayo nikaikataa, sikutaka kubishana na mzee yeyote habari za nyuki.

Nilipotoka hospitali nilipanga chumba hapa Bariadi mjini, nikaanza kuuza maandazi. Ni magumu kidogo, hayana maziwa wala yai, na watu wanayapenda na chai ya rangi. Vya pakiti vilinisumbua. Maandishi ni ya Kizungu na mimi ni wa darasa la nne. Mwenye duka la kona, Mwislamu mmoja mzee, ndiye aliyekuwa ananisomea. Anashusha miwani, anageuza pakiti kwenye mwanga.

"Biskuti hizi zina unga wa maziwa. Weka chini. Hizi hapa... maji ya maziwa yaliyokaushwa. Weka chini. Mkate huu salama. Viungo vya mchuzi hivi vina mafuta ya ng'ombe, dada, usiviguse."

"Na pipi?"

"Hizi laini zina jelatini. Wanachemsha ngozi na mifupa, na hawasemi ya nani." Akavua miwani. "Unaona? Mimi namtafuta nguruwe, wewe unamtafuta ng'ombe. Pakiti hii tukiifungua wote tutalala njaa."

Kwake nilicheka. Kwingine kote nilikuwa nakagua kama askari. Watu wa upande wa mume wangu walituma kuku kwa mama mwenye nyumba. Walituma mtindi. Mwanamke mmoja nisiyemjua alinipa kashata nje ya mahakama, nikainusa, samli. Niliitupa na yeye akakimbia kuiokota, kama ni dhahabu.

Siku chache kabla ya kutoa ushahidi mama alinipigia simu. "Njoo nikuone, mwanangu. Nitakupikia mlenda tu na ugali wa mtama." Sauti yake ilikuwa nyembamba. Nikaenda. Ni mama.

Nilichokiona kwanza Ngulyati ni ngozi mbichi imewambwa chini kwa vijiti, nzi wamejaa. Kwenye lango la zizi wazee wameketi kwenye vigoda, wa kwetu na wa kwao, hawali, wanangoja. Nilitaka kugeuka. Mama akanishika mkono mzima, yaani wa kushoto.

"Hao wana mambo yao. Wewe hayakuhusu. Ingia."

Akanipakulia jikoni. Ugali wa mtama, mlenda, na chungu bado kiko jikoni kinatokota. Nikanawa. Nikaiacha sahani kwenye kizingiti cha mlango, palipokuwa na jua.

"Kula, kitapoa."

"Ndicho ninachotaka, mayu."

Tukakaa. Alizungumza habari za kuku, za mvua. Macho yake yalikuwa kwenye sahani na yangu yalikuwa kwake. Mstari mweupe ulipotokea kwenye ukingo, aliuona kabla yangu. Nilijua kwa mikono yake. Nikapitisha kidole, nikasugua, nikanusa. Zizi lile likanirudia lote.

"Mayu, ni mafuta gani haya?"

"Ya dukani."

"Mayu."

Akafunika uso na khanga. "Kaka yako aliyaleta kwenye kopo. Alisema ukila tu huu mlenda, hakuna atakayekuja kuchukua ng'ombe. Wajukuu zangu watabaki na mama yao." Akalia. "Na wewe utakuwa umepona, alisema. Alisema hakuna atakayekugusa."

Kaka yangu alikuwa nyuma ya ukuta anasikiliza. Aliingia kama mtu anayekwenda kumfunga ndama. Alinikamata nywele kwa mkono mmoja, mwingine akauzamisha kwenye sahani. Akaniburuta mpaka langoni, mbele ya vigoda, akanipigisha magoti, akanisukumia lile tonge mdomoni kwa nguvu zote, upande ule ule wa mshono.

"Meza! Wazee, tazameni! Anakula! Meza, mbwa wewe!"

Nikauma. Kidole chake kilikuwa ndani, nikakiuma mpaka meno yaliyobaki yakagusana na mfupa. Akapiga yowe, akanigonga taya kwa kiwiko, mshono ukafunguka, damu ikashuka kwenye tonge. Akanibana pua na mdomo ili nimeze nisije nikakosa hewa. Sikumeza. Niliona giza na sikumeza. Nikampiga kichwa tumboni, akaniachia, nikatema kila kitu pale pale, mlenda na damu yangu na damu ya kidole chake, juu ya miguu yake.

Wazee wakainama kutazama. Hata yeye aliangalia miguu yake.

Mzee wao, aliyekuwa amekuja kushuhudia kwa upande wa mume wangu, akainuka kwa fimbo yake. Huyu hakuwa mtu wangu. Alikuwepo siku zote nilizopigwa na hakuwahi kusema neno.

"Kijana, umefanya nini?"

"Amekula! Mmeona wote, imeingia mdomoni!"

"Kuingia mdomoni si kula. Nyama ya damu hailishwi kwa nguvu. Na ikitemwa, damu inamrudia aliyelisha, na waliokaa kutazama." Alirudi nyuma, akahakikisha tone halijamfikia. "Mimi sisemi popote kwamba amekula. Wewe ndiye uliyeleta laana, kaa nayo."

Wakaondoka. Walikuwa wanatembea haraka kama watu wanaokimbia mvua, mafungu yao ya nyama wakayaacha kwenye majani. Hawakunitazama. Hakuna aliyeniuliza kama naweza kusimama. Walikuwa wanaogopa mate yangu tu.

Kaka yangu akachukua kigoda kimoja kati ya vile walivyoviacha. Alinipiga nacho mgongoni, akanipiga tena mbavuni, na alikuwa analia. "Umeniua! Umeniua, dada!" Anapiga na anasema nimemuua. Akakiinua mara nyingine, juu kabisa, nami nikakiona kinakuja kichwani na sikuwa na mkono wa kuweka.

Mama alitoka jikoni na chungu. Alikuwa amekishika kwa khanga, kizee kile. Alimmwagia mwanawe mlenda wote miguuni. Mlenda wa moto hautoki kama maji, unanata na kuendelea kupika. Kaka yangu alianguka kwenye ile ngozi mbichi, anajikwangua nyama ya miguu kwa kucha.

"Nenda," mama akaniambia. "Nenda kabla sijamwonea huruma."

Mahakamani mtetezi wa mume wangu alisimama na tai yake. Akaniuliza, je, si kweli familia zimekaa Ngulyati, ng'ombe amechinjwa, na mimi nimekula? Taya ilikuwa imefungwa tena, nilisema polepole. Nikasema ng'ombe alichinjwa, sikumeza. Akageuka kutafuta wazee wake nyuma. Hakuna hata mmoja aliyekuja. Basi nikaanza mwanzo, nikasema nani alikata, nani alishika. Nilinyoosha mkono kuwaonyesha, na mkono wenyewe ukawa unasema.

Wamefungwa wote wawili. Kaka yangu hajafungwa. Polisi waliniambia ni mambo ya kifamilia. Anatembea kwa kuchechemea, na ng'ombe hakuna aliyekuja kuzidai, maana kaya ile wanaiogopa sasa. Mke wake aliondoka mwenyewe, kwa miguu yake, baada ya kupigwa. Kwa hiyo yote yale yalikuwa ya bure. Kaka yangu namwandika hapa ili asisahauliwe.

Mama huja Bariadi siku za mnada. Juzi alileta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, amevipika na karanga nyumbani, akavifunika kwa kitambaa. Nikavipasha moto jikoni kwangu, nikapakua sahani mbili, nikaziweka mlangoni juani. Zamani aliona aibu nikifanya hivyo. Sasa anavuta kigoda, anakaa pembeni yangu.

"Nimeweka chumvi na karanga," akasema. "Basi."

"Sawa, mayu."

"Usiniamini. Ngoja."

Tukangoja. Mwenye duka akapita, akatusalimia, akauliza tunaangalia nini. Mama akamjibu tunaangalia sahani. Jua liliposogea nikapitisha kidole kwenye ukingo wa sahani yangu. Mama akaupokea mkono wangu, akakinusa kidole yeye kwanza, muda mrefu, halafu akanirudishia.

Nami nikanusa. Karanga.

"Kula," akasema, na yeye akangoja mpaka nimeze ndipo akala.